Simu Mpya na Mkataba wa Laini: Mwongozo Kamili wa Kuchagua Bila Kujutia

Kosa hili nimeliona likirudiwa na ndugu, majirani na wafanyakazi wenzangu. Mtu anafuata simu dukani, anatoka na mkataba wa miaka miwili asioujua vizuri. Mwingine anafuata kifurushi kinono, anatoka na simu ambayo kabla ya mwaka kuisha imeshajaa, inaganda, na chaji haifiki jioni. Wote wawili wameponzwa na jambo moja: vitu viwili vimefungwa pamoja kwenye malipo moja ya mwezi, nao wamepima kimoja tu.

Simu ni kifaa, laini ni huduma. Kila kimoja kina bei yake, umri wake na kasoro zake. Hapa tutavitenganisha, tuvipime kila kimoja peke yake, ndipo tuone kama kuna faida kuvinunua pamoja. Fuata hatua kwa mpangilio wake. Karibu kila niliyemwona akikwama alianzia kwenye kulinganisha bei, kabla hajajua anachohitaji.

## Andaa hivi kwanza

- Simu unayotumia sasa, ikiwa na chaji ya kutosha.
- Rekodi ya ulichotumia kwenye vifurushi kwa miezi 3 iliyopita.
- Mkataba wako wa sasa, kama unao. Tafuta tarehe ya kuisha na muda wa notisi.
- Kitambulisho kinachokubalika kusajilia laini.
- Laini ya malipo ya kabla ya kila mtandao unaoufikiria. Ya kuazima inatosha.
- Pini ya kufungulia trei ya laini.
- Karatasi na kalamu. Nasisitiza karatasi, kwa sababu utaihitaji mbele ya muuzaji, naye atakuwa anaongea haraka.

Tenga saa mbili za kukaa nyumbani na kazi hii. Siku hiyo usiende dukani.

## Hatua ya 1: Jua simu yako ya sasa ina ugonjwa gani

Kabla ya kununua nyingine, andika kwa sentensi moja kwa nini hii haikufai tena. Kuwa mahususi. "Imechoka" haitoshi. "Chaji inaisha saa nane mchana" inatosha.

Sasa angalia mambo matatu. La kwanza ni hifadhi: fungua mipangilio uone imejaa kiasi gani. Hifadhi ikibaki finyu sana simu huwa nzito, na mara nyingi kufuta video za zamani na mafaili ya WhatsApp kunairudishia uhai. La pili ni betri. Baadhi ya simu zina ukurasa wa afya ya betri kwenye mipangilio. Ikisoma chini ya asilimia 80, tatizo lako huenda likawa betri peke yake, na kubadilisha betri ni nafuu mno kuliko kubadilisha simu. La tatu ni toleo la mfumo. Kama simu haipokei tena masasisho ya usalama, au programu unazozitegemea zimeanza kuikataa, hapo hakuna fundi wa kukusaidia. Mwanzoni mwa 2025, kwa mfano, WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye Android 4.4.

Utajua umefaulu ukiwa na sentensi moja inayotaja tatizo, na umehakikisha haliponi kwa kufuta mafaili wala kwa betri mpya. Kama linapona, mwongozo huu umekuokolea fedha. Pima matumizi yako kwenye Hatua ya 2, kisha ruka hadi Hatua ya 5 ushughulikie laini tu.

## Hatua ya 2: Pima unachotumia, usikadirie

Fungua mipangilio, ingia sehemu ya mtandao, tafuta matumizi ya data. Soma data ya laini tu, usiichanganye na ya Wi-Fi. Andika jumla ya kila mwezi kwa miezi mitatu, kisha chukua mwezi mkubwa kuliko yote na uongeze robo yake. Hicho ndicho kipimo chako.

Kinachofanya watu wakosee hapa ni video. Ujumbe wa maandishi na barua pepe hazili kitu cha maana. Netflix wenyewe wanaeleza kwamba saa moja ya video ya ubora wa kawaida inaweza kula hadi GB 1, na ubora wa juu hadi GB 3. Basi mtu anayetazama nusu saa kila siku kwa data ya laini, ubora wa kawaida, anaweza kufika GB 15 kwa mwezi. Anayetazama akiwa kwenye Wi-Fi ya nyumbani pekee anaweza kuishi mwezi mzima kwa GB 3 au 4. Mahitaji ya watu hawa wawili hayafanani hata kidogo, ila muuzaji atawapa kifurushi kile kile.

Andika pia dakika unazopiga kwa njia ya kawaida, bila intaneti. Wengi wetu tunalipia dakika mamia wakati simu zetu karibu zote tunapiga kwa WhatsApp.

Utajua umefaulu ukiwa na mstari mmoja: GB ngapi, dakika ngapi, kwa mwezi.

## Hatua ya 3: Chagua mtandao kabla ya simu

Hatua hii inarukwa kuliko zote, na ndiyo inayoumiza zaidi, maana simu nzuri isiyoshika mtandao ni kamera ya gharama.

Chukua zile laini za malipo ya kabla. Zijaribu moja moja mahali unapoishi hasa: kwenye chumba unacholala, kazini, na njiani kati ya hapo na pale. Jaribu asubuhi, na ujaribu tena saa mbili usiku, wakati watu wengi wako mtandaoni. Ramani ya kampuni inaonyesha mawimbi yanafika wapi kwa makadirio. Haijui unene wa kuta zako, wala idadi ya watu wanaogawana mnara mmoja na wewe jioni.

Ukishaupata mtandao, tafuta mambo mawili ambayo simu yako mpya lazima iwe nayo.

Bendi za masafa. Mitandao ya 4G na 5G hutumia masafa tofauti ya redio, yaliyogawanywa kwa vipande viitwavyo bendi, na kila bendi ina namba. Bendi ya 3 iko kwenye megahezi 1800, bendi ya 20 kwenye 800, bendi ya 28 kwenye 700. Za chini husafiri mbali na kupenya kuta vizuri. Za juu hubeba data nyingi lakini hazifiki mbali. Ulizia mtandao wako unatumia bendi zipi, kisha uzitafute kwenye orodha ya sifa za simu. Simu iliyotengenezwa kwa soko la bara jingine inaweza kukosa bendi moja muhimu: mjini ikafanya kazi vizuri, ukitoka nje kidogo ikakata.

VoLTE, yaani kupiga simu ya kawaida kupitia 4G. Mitandao ya zamani inazimwa. Nchini Marekani, AT&T walizima 3G Februari 2022. Nchini Australia, Telstra na Optus walianza kuizima Oktoba 2024, na simu ambazo zisingeweza kupiga namba ya dharura kupitia 4G zilifungiwa mtandaoni, hata kama zilikuwa zinapata intaneti bila shida. Muuzaji akikuambia "ina 4G", bado hajakuambia kama itapiga simu kwa 4G kwenye mtandao *wako*. Muulize swali hilo kwa maneno hayo hayo.

Tahadhari: usidanganywe na 5G ikiwa mahali ulipo haijafika. Simu ya 5G haina ubaya, hasa kama utakaa nayo miaka mitano. Lakini usilipie kifurushi cha 5G leo kwa ajili ya mnara wa kesho.

Utajua umefaulu ukiwa na jina la mtandao mmoja, au miwili, uliothibitisha kwa laini yako mwenyewe chumbani mwako, pamoja na orodha fupi ya bendi.

## Hatua ya 4: Chuja simu kwa sifa zinazoamua umri wake

Matangazo huanza na kamera. Sisi tutaanza na mambo yatakayoamua kama simu itakuwa hai mwaka wa nne.

### Masasisho ya usalama

Uliza tarehe, si ahadi. Watengenezaji hutangaza miaka ya masasisho, na miaka hiyo huhesabiwa tangu simu ilipotoka, haianzi siku unayonunua wewe. Google waliahidi miaka 7 kwa Pixel 8 iliyotoka Oktoba 2023, kwa hiyo hesabu yake inaishia Oktoba 2030 hata ukiinunua leo. Samsung nao waliahidi miaka 7 kwa familia ya Galaxy S24, iliyotoka Januari 2024. Simu nyingi za bei ya chini hupewa miaka michache sana, na dukani huwa zimeshakaa mwaka mzima.

Sasa fanya hesabu hii. Gawa bei ya simu kwa miezi ya masasisho iliyobaki. Tuseme simu A ni 480 na imebakiza miaka 5: hiyo ni 8 kwa mwezi. Simu B ni 300 lakini imebakiza miaka 2: hiyo ni 12.5 kwa mwezi. (Namba hizi si fedha ya nchi yoyote, weka za kwako.) Ile iliyoonekana rahisi ndiyo ghali. Si kila mtu ana 480 mkononi, nalijua hilo, na hakuna aibu kununua B. Lakini uinunue ukijua.

### Hifadhi

Usishuke chini ya GB 128 kama unaweza kuzifikia. Mfumo na programu zilizokuja na simu hula sehemu yake kabla hujapiga picha hata moja, na WhatsApp pekee inaweza kujaza makumi ya GB kwa miaka miwili. Angalia kama kuna nafasi ya kadi ya kumbukumbu, lakini usiitegemee sana: kadi inafaa kwa picha na muziki, na kwa kawaida programu huendeshwa kwenye hifadhi ya ndani.

Ukiona maneno eMMC na UFS, chagua UFS. Ni aina ya hifadhi yenye kasi zaidi, na tofauti yake utaiona kila unapofungua programu.

### RAM

Hapa kuna mtego ambao umenasa wengi. Boksi linaandika "GB 16", chini kwa maandishi madogo "8+8". GB 8 za kwanza ni RAM ya kweli, yaani kumbukumbu ya muda inayobeba programu zilizo wazi. Zile 8 nyingine ni kipande cha hifadhi kilichoazimwa kufanya kazi ya RAM, na kasi yake ni ndogo mno. Hesabu namba ya kwanza tu. Kwa simu ya Android ya kukaa nayo miaka, GB 6 ni kima cha chini ninachokipendekeza, na 8 ni salama. iPhone inasimamia RAM kwa namna yake, hivyo usizilinganishe namba hizo na za Android.

### Chipu

Chipu ni ubongo wa simu, na majina yake yanachanganya: Snapdragon, Dimensity, Helio, Exynos, Tensor, Unisoc. Jina la familia halikuambii kitu. Snapdragon ya mfululizo wa 8 na ya mfululizo wa 4 ni kama lori na pikipiki za kampuni moja. Tafuta chipu ilitoka mwaka gani na iko daraja gani. Chipu ya daraja la kati ya mwaka jana mara nyingi ni chaguo bora kuliko ya daraja la juu iliyotoka miaka mitano nyuma, kwa sababu ya masasisho.

### Betri na chaja

Uwezo wa betri hupimwa kwa mAh, na mAh 5000 zimekuwa kawaida kwenye Android. Ila namba kubwa peke yake haitoshi, kwa kuwa skrini na chipu ndizo zinazokula. Muhimu zaidi, uliza kama betri inabadilishika na kama vipuri vyake vipo. Umoja wa Ulaya ulianza kutumia kanuni mpya tarehe 20 Juni 2025: betri ya simu inayouzwa huko inatakiwa kubaki na angalau asilimia 80 ya uwezo wake baada ya kuchajiwa mizunguko 800. Popote ulipo, kama modeli unayoitaka inauzwa pia huko, una dalili nzuri.

Angalia pia kama boksi lina chaja. Siku hizi mengi hayana. Simu iliyoandikwa wati 67 ukiichaji kwa kichwa cha wati 10 itachaji kwa mwendo wa wati 10.

### Skrini, kamera na maji

Haya nitayapita haraka. Skrini ya AMOLED ina weusi wa kweli. LCD ni nafuu na inafaa tu. Kasi ya hezi 90 au 120 inafanya mguso uwe laini, na inakula chaji kidogo zaidi. Kwa skrini kubwa, pikseli 720 kwa upana huonekana chengachenga ukisoma maandishi madogo, tafuta 1080.

Kwenye kamera, megapikseli 50 kwa kawaida huunganishwa nne nne na kukupa picha ya takriban 12.5. Kamera za ziada za megapikseli 2 zipo kujaza idadi tu. Kama unapiga picha usiku au unarekodi video ukitembea, tafuta kamera kuu yenye kituliza-mtikisiko cha lenzi. Kisha tazama picha zilizopigwa na wanunuzi wenyewe, zile za tangazo ziache.

IP68 inamaanisha simu ilipimwa dhidi ya vumbi na kuzamishwa kwenye maji yasiyo na chumvi ndani ya maabara. Haimaanishi bahari wala sabuni, na dhamana nyingi hazilipi simu iliyoingia maji. Soma kifungu hicho.

Utajua umefaulu ukiwa na modeli tatu zilizopita mizani yote. Zikiwa kumi, hujachuja bado.

## Hatua ya 5: Piga hesabu ya jumla

Toa karatasi, uchore safu mbili.

Safu ya kwanza: vitu viwili mbalimbali. Bei ya simu taslimu, kujumlisha kifurushi cha laini kinachotosha kipimo chako cha Hatua ya 2, kuzidisha kwa miezi ya mkataba unaoshindanishwa.

Safu ya pili: mkataba wa pamoja. Kianzio, ada ya kuunganishwa, kujumlisha malipo ya mwezi kuzidisha kwa idadi ya miezi.

Mfano. Simu taslimu ni 480. Laini inayokutosha ni 12 kwa mwezi. Kwa miezi 24 laini itagharimu 288, jumla 768. Mkataba wa pamoja unataka kianzio cha 40, ada 10, na 38 kwa mwezi. Miezi 24 ni 912, jumla 962. Mkataba umekuzidi kwa 194.

Sasa badili kitu kimoja: malipo ya mwezi yawe 28. Jumla inakuwa 722, na mkataba umeshinda kwa 46. Kwa hiyo mikataba si mibaya kwa asili yake. Mibaya ni ile ambayo haikupigiwa hesabu.

Ongeza mambo mawili ambayo muuzaji hatayataja asipoulizwa. La kwanza ni kupanda kwa bei katikati. Kama mkataba unasema malipo yataongezeka 3 kuanzia mwezi wa 13, ile 962 inakuwa 998. Nchini Uingereza ongezeko lililofungwa na mfumuko wa bei limepigwa marufuku kwa mikataba mipya tangu Januari 2025. Kampuni inalazimika kutaja kiasi kamili kwa fedha. Hata kama kwenu hakuna sheria hiyo, dai jibu la namna hiyo: kiasi gani, mwezi gani.

La pili ni mwezi wa 25. Simu umeshamaliza kuilipa, lakini mikataba mingi huendelea kukata kiasi kile kile mpaka uwaambie waache. Kwenye mfano wetu, kusahau miezi sita tu ni 26 kila mwezi, yaani 156 zimekwenda bure. Weka kikumbusho kwenye kalenda mwezi mmoja kabla ya mwisho, na ukiweke *siku unayosaini*.

Tahadhari: usilinganishe kifurushi chako cha GB 10 na mkataba wenye GB 100, halafu ukasema mkataba una thamani zaidi. GB usizotumia hazina thamani kwako.

Utajua umefaulu ukiwa na namba mbili zilizopigiwa mstari, na unaweza kumweleza mtu mwingine zilipatikanaje.

## Hatua ya 6: Soma vifungu hivi kabla ya kusaini

Omba mkataba uusome nyumbani. Wakikataa, ondoka. Kisha tafuta majibu haya, na uyaandike kwa maneno yako:

1. Muda. Miezi mingapi, na inaanza kuhesabiwa lini?
2. Kuvunja mkataba. Ukitoka mwezi wa 10 unadaiwa nini: salio la simu pekee, au na huduma ya miezi iliyobaki?
3. "Bila kikomo." Baada ya GB ngapi kasi inashushwa, na inashushwa hadi kiasi gani? Je, kugawa intaneti kwa kompyuta kunaruhusiwa?
4. Simu imefungwa? Inakubali laini ya mtandao mwingine leo hii? Nchini Uingereza kuuza simu zilizofungwa kumekatazwa tangu Desemba 2021. Kwingineko bado kunafanyika. Simu iliyofungwa hukubana ukisafiri na hushuka bei ukitaka kuiuza.
5. Ukichelewa kulipa. Baadhi ya simu za mkopo huja na programu inayoifunga simu kwa mbali malipo yakichelewa. Jua ni siku ngapi, na kama namba za dharura zitaendelea kupatikana.
6. Bima. Mara nyingi huongezwa kimyakimya. Tafuta kiasi utakachochangia kila unapodai. Kikikaribia bei ya kubadilisha kioo, bima hiyo haina kazi.

Ahadi ya mdomo haimo kwenye mkataba. Ukiambiwa "hilo usijali, tutakurekebishia", mwombe aliandike na kusaini. Mimi niliwahi kukubali neno la mdomo kuhusu kutoka mapema bila gharama. Siku nilipotaka kutoka, aliyeniahidi hakuwepo tena, na nililipa miezi saba ya huduma nisiyoitumia.

Utajua umefaulu ukiweza kujibu yote sita bila kufungua mkataba.

## Hatua ya 7: Kagua simu mkononi kabla ya kulipa

Fanya hivi kwa simu mpya na zaidi kwa iliyotumika.

Piga *#06#. Itatokea IMEI, namba ya tarakimu 15 inayoitambulisha simu hiyo. Ilinganishe na ile ya kwenye boksi na kwenye risiti. Zote ziwe sawa. Zikitofautiana, rudisha simu. Hakuna maelezo yatakayolitengeneza hilo. Pale ambapo kuna huduma ya kuhakiki IMEI kwa ujumbe au mtandaoni, ihakiki uone kama haijaripotiwa kuibiwa.

Weka laini yako. Piga simu ya kawaida, na ukiwa unaongea tazama juu ya skrini: alama ya 4G ikibaki pale, VoLTE inafanya kazi. Ikishuka kuwa 3G au 2G, rudi kwenye maswali ya Hatua ya 3.

Fungua mipangilio uhakikishe hifadhi na RAM ni zile ulizolipia. Simu feki hukosea hapa, au huonyesha namba kubwa ambazo ukijaribu kuzijaza hazipo.

Kwa simu iliyotumika, mwombe mwenye nayo aondoe akaunti yake *mbele yako*, kisha airudishe upya kabisa, na wewe uiwashe tangu mwanzo. iPhone tangu iOS 7 na Android tangu toleo la 5.1 zina kufuli inayodai akaunti ya mwenye awali baada ya kufutwa. Ukiondoka kabla ya kuliona hilo, unaweza kuwa umenunua kipande cha kioo.

Utajua umefaulu ukifika kwenye ukurasa wa mwanzo bila kuulizwa nenosiri la mtu mwingine, na risiti ina IMEI, tarehe na muda wa dhamana.

## Hatua ya 8: Hama bila kujifungia nje

Mpangilio ndio kila kitu hapa.

Kwanza, kama unahama mtandao na unataka kubaki na namba yako, usikate laini ya zamani. Omba kuhamisha namba ukiwa upande wa mtandao mpya. Laini ya zamani itajifunga yenyewe namba ikishahama. Ukiikata kabla, unaweza kuipoteza namba, na pamoja nayo akaunti zote zinazotuma msimbo wa kuthibitisha kwenye namba hiyo, zikiwemo za benki na za fedha za simu.

Pili, hifadhi nakala: picha, majina, mazungumzo ya WhatsApp. Hakikisha nakala ina tarehe ya leo.

Tatu, kama unatumia programu ya kutengeneza misimbo ya kuingilia, ihamishie simu mpya wakati zote mbili ziko hai. Misimbo hii nakala ya kawaida mara nyingi haiibebi. Hamisha pia programu ya benki, na ujaribu kuingia.

Nne, ukitumia eSIM, yaani laini isiyo na kadi iliyomo ndani ya simu, usiifute kwenye simu ya zamani mpaka uone ya mpya inapiga na kupokea.

Simu ya zamani ikae wiki mbili bila kufutwa. Kila mara kuna kitu kimoja kilichosahaulika.

## Hatua ya 9: Siku za kwanza ndizo zako

Uliza una siku ngapi za kurudisha. Kwa wanunuzi wa Umoja wa Ulaya walionunua mtandaoni ni siku 14 kisheria; kwingineko inategemea sheria na sera ya muuzaji. Zozote zile, zitumie kwa bidii.

Usiihifadhi simu kwenye boksi. Itumie kama utakavyoitumia mwaka mzima: peleka kila mahali ulipopima kwenye Hatua ya 3, piga simu ndefu uone kama sikio linapata joto, chaji kutoka chini hadi juu, piga picha usiku, rekodi sauti, jaribu alama ya kidole ukiwa na mikono yenye jasho. Linganisha ankara ya kwanza, mstari kwa mstari, na karatasi yako ya Hatua ya 5.

Ukiona kasoro, usingoje ijirekebishe. Irekodi kwa video, andika tarehe, na urudishe simu ikiwa na boksi na kila kilichokuja nalo. Ankara ikizidi ulichokubaliana, lalamika kwa maandishi siku hiyo hiyo, ukiambatanisha mkataba. Kama kampuni haijibu, peleka nakala hizo hizo kwa mamlaka inayosimamia mawasiliano katika nchi yako.